Samli ya Mama Mdogo

Msiba wa baba ulikuwa umeanza kupoa, majirani wamesharudishiwa masufuria yao na vijana wanakunja maturubai, ndipo mama mdogo akaniita jikoni. Alikuwa amekuja na kibuyu cha samli kutoka kwake Issuna, amekifunga kwenye khanga na kukipakata njia nzima. Akazibua kizibo aone kama kimevuja. Harufu ikatoka, na mimi nikajikuta nimekaa chini, pale pale kwenye majivu, mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, nalia kwa kwikwi. Wanawake wakanishika mabega wakisema pole, uchungu wa baba huo. Ulikuwa uchungu wa baba, sikatai, lakini ulikuwa na ng'ombe ndani yake.

Nyie mliokulia vijijini huku kwetu mnajua kwamba samli hazifanani. Kila mama anafukiza vibuyu vyake kwa kijinga cha mti anaoujua yeye, na moshi ule unabaki ndani ya maziwa, unakwenda mpaka kwenye samli. Mama mdogo alifukizia mti mmoja wenye maua madogo ya njano, jina lake kwa Kiswahili silijui mpaka leo. Tena ana maneno mengi, Mungu ambariki. Samli inachemka jikoni, yeye yuko uani anasimulia, mpaka inaungua kidogo pembeni. Moshi ule na kuungua kule, ukivipata pamoja, basi ni yeye. Hakuna mwingine duniani.

Nyumbani kwetu ni ndani ndani ya Sepuka, mahali ambapo ukisimama juu ya mawe nyuma ya nyumba unaona mashamba ya alizeti na uwele mpaka macho yachoke. Zizi letu lilikuwa mbele ya nyumba, limezungushiwa miiba, na nilipokuwa mdogo nilikuwa naamka kwa pumzi za ng'ombe. Usidhani nasema kwa kupamba. Ng'ombe wengi wakilala pamoja wanapumua kwa sauti moja nzito, unaisikia kupitia ukutani, na mtoto akiisikia anajua usiku umepita salama. Sauti ile ilianza kupungua bila mimi kujua inapungua kwa nini.

Kabla sijaenda mbali nieleze desturi moja, maana bila hiyo mtu wa mjini atatuona wajinga tu. Kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Anagawa. Wengine kwa shemeji, wengine kwa rafiki kijiji cha mbali, ili ugonjwa ukiingia au ukame ukikaza usiwakute wote. Anayekutunzia anakunywa maziwa na kuchukua samadi kwa shamba lake. Ndama ni wako, na siku ukifurahi unamzawadia mtamba. Ng'ombe hao wa nje hawatajwi. Ukiwataja, ndugu wenye shida watapanga foleni mlangoni, na wenye roho mbaya watakosa usingizi. Mke mwenyewe haulizi. Kumfuata mtunzaji kila mara ukachungulie zizi lake ni sawa na kumwita mwizi, na kuwahesabu ng'ombe kwa kidole, ah, mtoto alikuwa anachapwa.

Mtu aliyekuja kutumaliza aliijua desturi hii kuliko sisi tulioishi nayo.

Alijitambulisha kwa jina la Yona. Alikuja kwa baiskeli wakati wa kiangazi, shati jeupe limepigwa pasi, fimbo imefungwa kwenye mtaimbo wa baiskeli. Kinyaturu alikisema vizuri, ila kwa kuvuta kidogo kama watu wa kusini. Alimwamkia bibi mmoja aliyekuwa anapita njiani kwa kuinama kabisa, na baba akampenda hapo hapo. Alipokaribishwa karibu na zizi akageuza uso pembeni, asije akaonekana anahesabu mali ya watu. Hilo nalo baba alilisifu wiki nzima. Mtu ana adabu yule, alisema, amelelewa.

Na hakuomba ng'ombe. Hapo ndipo nilipokuja kumwelewa nikiwa mkubwa. Alisema anapita tu, anatafuta njia ya kwenda Ikungi mnadani. Katika mazungumzo ndipo likamponyoka kwamba anatunza ng'ombe za watu pori la kusini, mbele ya Manyoni, mahali penye chemchemi isiyokauka na udongo wa chumvi, ng'ombe wanazaa kila mwaka. Mwenye ng'ombe anapata ndama wote, na samli juu. Baba akauliza, mtunzaji anapata nini? Samadi, akajibu Yona. Bosi wake ana shamba kubwa la tumbaku, anachotaka ni samadi tu.

Mtu anafuga makundi ya ng'ombe kwa ajili ya mavi, na maziwa anayatoa bure! Leo nacheka. Lakini mnajua kwetu samadi ilivyo. Bila samadi shamba la uwele ni mchanga mtupu, na mtu asiye na ng'ombe anaweza kumwomba jirani samadi kama anavyoomba chumvi. Kwa hiyo uongo ule haukuonekana uongo. Ulitengenezwa kwa kitu tunachokithamini sisi.

Baba akamwomba amchukulie wawili. Yona akakataa. "Mzee, kwangu kumejaa," alisema, huku amekwisha kushika baiskeli. "Nisije nikakuudhi bure." Baba yangu, ambaye hakuwahi kumwomba mtu hata kiberiti, alimsindikiza mpaka njia panda akimbembeleza. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Alikubaliwa, lakini kwa sharti asimwambie mtu yeyote, maana nafasi ni chache na watu watamlaumu Yona kwa upendeleo. Sharti lenyewe lilikuwa jepesi. Sisi ng'ombe wa nje hatuwataji hata bila kukatazwa.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuchungulia kila kitu, na nilichokichungulia kwa Yona ni miguu. Wachungaji wote niliowajua walikuwa na magaga ya kuingiza kidole. Yona hakuwa nayo. Kisigino chake kilikuwa laini, kucha safi. Nilimwuliza mama ni kwa nini, akaniambia niache kutazama miguu ya wageni. Basi nikajijibu mwenyewe: huko kusini majani ni laini sana, mtu anatembea juu yake kama juu ya godoro. Nikaanza kuwaonea wivu ng'ombe wetu waliokwenda.

Mvua zilipoanza alirudi, mbele yake anaswaga ndama mwekundu mwenye nyota nyeupe kwenye paji. Amezaliwa na ng'ombe wako, akamwambia baba, nikaona nikuletee umwone kwa macho. Baiskeli ilikuwa na kibuyu cha samli. Baba alichinja jogoo, na Yona alipoondoka tukamfungia na kuku wengine wanne, kwa sababu aliomba kitoweo cha wachungaji wake, kitu kidogo tu, akasema kwa aibu. Tangu siku hiyo akawa anakuja mara kwa mara, samli inaingia, kuku wanatoka. Sisi watoto tulimwita Baba Samli. Tulikuwa tunamkimbilia njiani.

Na kila akija, baba alimwongezea. Tamaa ikishamwingia mtu haina kelele, ndugu zangu. Baba hakubadilika sura, hakuanza kulewa wala kugomba. Alikuwa tu anakaa kwenye kigoda jioni, macho kwenye zizi, lakini haangalii waliomo. Anaangalia wasiokuwepo, waliozaa, na watoto wao wakazaa. Zizi likawa pana. Asubuhi nikawa naamka, nasikiliza ukutani, nasikia kuku. Nikamwuliza mama mbona ng'ombe wanapumua kidogo kidogo siku hizi. Akasema nilale.

Sasa niwaambie habari za Mkufu. Alikuwa ng'ombe mweusi mwenye mstari mweupe unaozunguka shingo, na ndiye kitu pekee pale nyumbani kilichokuwa cha mama. Mama alipoolewa, babu alimrudishia mtamba mmoja kutoka kwenye mahari yake, akamwambia huyu ni wako, si wa mumeo, ukiwa na njaa umkamue. Mkufu alikuwa mjukuu wa mtamba yule. Mdogo wangu Daudi alikuwa mtoto wa kifua, anakohoa usiku kucha, chakula hakikai tumboni, na kilichomweka duniani ni maziwa ya Mkufu. Alikuwa na kikombe chake cha bati. Mama akianza kukamua, Daudi anasimama pembeni na kikombe, hasemi kitu, anasubiri povu.

Siku Yona alipomtazama Mkufu mimi nilikuwepo. Alisema safari ya mwisho inakaribia, mto ukijaa njia itafungwa, na safari hii bosi anataka ng'ombe mwenye maziwa, kwa huyo atatoa ndama wawili papo hapo akifika. Mama, aliyekuwa anapeta uwele, akanyanyua uso.

"Na huyo bosi wako," aliuliza taratibu, "sisi tutamwona lini?"

Yona akacheka kwa heshima, akasema hata kesho, shemeji, ni mwendo tu wa siku chache. Halafu akaaga. Baba alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alisema mama amemwaibisha, amemwuliza mgeni kama polisi. Mama alimwambia jambo moja tu: Mkufu si wa kusafiri. Baba akasema amesikia.

Wiki ile mama alikuwa anakaanga mboga kwa samli ya Yona, na mimi nimekaa jikoni karibu yake. Moshi ukanipiga puani. Nikasema, kwa furaha kabisa, "Mama, ng'ombe wetu wako kwa mama mdogo."

Baba, aliyekuwa mlangoni, akacheka. Akaniuliza nimewaona kwenye ndoto? Nikamwambia samli inanuka kwa mama mdogo. Kwangu hesabu ilikuwa rahisi: samli inatoka kwa ng'ombe wetu, samli ni ya mama mdogo, basi ng'ombe wetu wamehamia Issuna. Nikafurahi, maana kwa mama mdogo kulikuwa na watoto wa kucheza nao, na ng'ombe wetu hawatakuwa wapweke. Baba akaendelea kucheka mpaka akakohoa. Mama alikuwa ameinamia chungu. Akachota samli kwa kidole, akanusa. Akanusa tena. Nilimwona uso unavyombadilika, na nikaogopa bila kujua naogopa nini.

Kesho yake akamwambia baba kwamba amesikia mdogo wake anaumwa, anataka kwenda kumwona. Baba alikubali haraka, tena akatoa nauli mwenyewe bila kuombwa. Baba yangu kutoa nauli! Hilo tu lilitosha kutushtua, lakini akili ya mama ilikuwa kwenye samli. Daudi akabaki, kwa sababu vumbi la njiani lilikuwa linamkaba. Mama alimkamua Mkufu, akamjazia kikombe, akamwachia baba maziwa mengine kwenye kibuyu. Tukapanda lori mpaka Ikungi, pale tukapata basi linaloelekea Dodoma, tukashuka Issuna jua limesimama kichwani.

Mama mdogo hakuwa anaumwa hata kidogo. Alipiga vigelegele. Lakini mimi sikumsubiri anikumbatie, kwa sababu nilikuwa nimeona zizini kwao mtamba wetu mweusi, yule mwenye sikio lililochanika tangu alipokwama kwenye miiba. Nilimjua kama ninavyomjua Daudi. Nikapiga kelele, "Nilisema! Nilisema wako huku!" nikakimbia kuwatafuta wengine. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikachungulia kwa jirani, nikaenda mpaka kwenye mawe. Nilikuwa nawaita kwa majina yao. Nilidhani wamekwenda malishoni na watarudi jioni wote, na baba ataombwa msamaha kwa kunicheka.

Niliporudi nikakuta mama na mdogo wake wamekaa chini uani, kwenye udongo, hata mkeka hawakutandika. Hawakuwa wakilia. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini sana, kila mmoja anataja kitu na mwenzake anaitikia kwa kichwa. Mtamba yule, mama mdogo alikuwa akisema, aliletwa na mtu wa kusini anayemtunzia mume wangu ng'ombe, ni mzao wa ng'ombe wetu. Mama akasema ndama mwekundu mwenye nyota yuko kwangu. Mama mdogo akashika mdomo. Alikuwa amempokea ndama yule kwa mikono yake akizaliwa, na walimpeleka kwa Yona pamoja na mama yake.

Wakaendelea. Yona alikuwa anawaomba kibuyu cha samli kwa ajili ya wachungaji, kitu kidogo tu. Na yeye kila akija anawaletea kuku. Mama akauliza kuku gani. Mama mdogo akanyoosha kidole kwenye ukuta wa jiko, na pale alikuwepo jogoo wetu asiye na manyoya shingoni, anaparua taka kama yuko kwao. Kuku wetu, samli yao. Ndama wao, mtamba wetu. Hapakuwa na chemchemi wala udongo wa chumvi wala bosi wa tumbaku. Ndugu wawili tulikuwa tunalishana wenyewe kwa mkono wa mwizi, na katikati hapo makundi mawili yalikuwa yanayeyuka.

"Mbona hukuniambia, dada?" mama mdogo aliuliza.

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Ng'ombe wa nje hawatajwi.

Tulilala kule, kwa sababu basi la kurudi lilikuwa la asubuhi, na usiku ule nilimsikia mama anageuka na kugeuka. Kulipokucha alikataa uji. Tulipofika Ikungi hapakuwa na gari la Sepuka, tukangoja mnadani mpaka nguo zikalowa jasho, na mama alikuwa anasimama kila gari likitokea. Nilimwuliza tunakimbilia nini. Akasema, "Maziwa ya Daudi." Nikaelewa kwamba yale ya kibuyuni yatakuwa yameisha.

Tuliingia nyumbani jua linazama. Kitu cha kwanza nilichokiona ni Daudi, amesimama karibu na zizi na kikombe chake cha bati. Hakuwa analia. Alikuwa anasubiri povu, kama kawaida yake. Kamba ya Mkufu ilikuwa imening'inia kwenye nguzo, na ndani ya zizi alikuwemo ndama mwekundu peke yake.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Hakuinua kichwa. Mama akasimama mbele yake na mzigo bado uko kichwani, akauliza Mkufu yuko wapi.

"Atarudi na wawili," baba alisema.

Mama akamwambia yote, palepale, bila kupaza sauti. Mtamba mwenye sikio lililochanika, jogoo, samli, ndama. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kuchonga, maganda ya mti yanamwangukia miguuni. Kisha akasema shemeji yake wa Issuna, mume wa mama mdogo, ni mwongo na mwizi, ndiye aliyekula njama na kumwibia Yona mtamba. Hilo sijalisahau. Alikuwa tayari ndugu zake wote wawe wezi, ili mradi yeye asiwe ameingia mkenge. Nimeona watu wengi wakitapeliwa tangu hapo, wasomi kwa wasiosoma, na wote wanafika mahali hapo. Wanamtetea aliyewaibia, kwa sababu akianguka yeye na wao wanaanguka.

Ilichukua siku kadhaa mpaka shemeji wa Issuna alipokuja mwenyewe, na wanaume wawili hao, wasiosalimiana vizuri, wakaenda kusini kwa miguu kumtafuta Yona. Walirudi wamekonda, midomo imepasuka. Baba hakusimulia. Shemeji ndiye aliyesema kwamba kila kijiji walichopita mtu yule anajulikana, na kila kijiji ana jina jingine. Kuna mahali walikuta mzee anawasubiri ng'ombe wake tangu mwaka uliotangulia, naye aliwaomba waondoke upesi, majirani wasije wakajua. Kwa polisi hawakwenda. Wangeandikisha nini, na mbele ya nani?

Kilichonitisha zaidi kilikuja baadaye. Nilikuwa nikipita njiani asubuhi kwenda shule, na nikaanza kusikia kwamba mazizi ya wengine nayo yamenyamaza. Jirani wa upande wa mawe. Nyumba ya karibu na kanisa. Miiba iko, lango liko, lakini hakuna pumzi. Na watu walikuwa wanasalimiana vizuri tu, wanaulizana habari za mvua. Kama mmoja wao angesema mapema, kwa sauti, mbele ya wenzake, nimempa Yona ng'ombe, wengine wote wangesema hata mimi, na siku hiyo hiyo Yona angekuwa amekwisha. Hakuna aliyesema. Wengine wamekufa hawajasema.

Daudi hakufa, namshukuru Mungu, ingawa masika ile tulikaa karibu na kitanda chake kuliko tulivyokaa shambani. Mama alikuwa anaomba maziwa kwa majirani na kikombe kile cha bati, yeye aliyezoea kuombwa. Kibuyu chake cha kukamulia akakitundika jikoni juu ya moshi, hakukifukiza tena, kikakauka, siku moja kikapasuka chenyewe mchana kweupe na sote tukashtuka. Jina la Mkufu halikutajwa tena ndani ya nyumba. Mama hakumgombeza baba hata siku moja. Ingekuwa afadhali angemgombeza.

Daudi sasa ni mfanyabiashara wa vitunguu pale Singida mjini, ana kitambi na simu mbili. Mwaka jana alinionyesha kwenye simu kikundi fulani, unaweka hela kidogo, wiki inayofuata inarudi imezaa. Alikuwa ameshapokea mara ya kwanza, ameshapokea mara ya pili, macho yanamng'aa. Nikamwuliza amemwambia nani. Akasema ameambiwa asimwambie mtu, nafasi ni chache. Nilinyanyuka, nikaenda nyumbani kwangu nikaleta kikombe cha bati ambacho mama alinipa nilipoolewa, nikakiweka mezani mbele yake. Alikitazama. Akamwita mkewe, akamwita na kijana wa dukani, akawaeleza yote kwa sauti. Kijana akasema hata yeye ameweka, na jirani wa duka la pili pia. Hakuongeza tena hata shilingi.

Mimi sina elimu kubwa ya mambo haya. Ninachojua ni kwamba mtu akikwambia usimwambie mtu, hapo hapo tafuta mtu umwambie. Na ukiambiwa mali yako imezaa, nenda ukamshike ndama mwenyewe, umwulize mama yake yuko wapi.

Baba alipozidiwa alituita. Kwetu mzee akiona safari imekaribia anawaita watoto na kuwaambia ng'ombe wake wa nje wako wapi, ili wasipotee baada yake. Tulikaa chini kuzunguka kitanda, mimi na Daudi, na mama kwenye kigoda karibu na mlango. Baba akaanza kusema kwa sauti nyembamba. Ng'ombe wangu wako kusini, alisema, kwa Yona. Mwekundu alizaa, na watoto wake wamezaa. Hao ni wa Daudi. Wale weusi ni wako, binti yangu. Mwende mkawachukue, msikubali kudanganywa huko.

Daudi alinitazama. Sijui alitaka kucheka au kulia. Nikamkanyaga mguu. Tukaitikia, ndiyo baba, tutakwenda.

"Na Mkufu?" mama aliuliza.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi. Tangu siku ile ya kamba kwenye nguzo hakuwa amelitaja jina hilo mbele yake. Baba akageuza uso, akautazama ukuta.

"Mkufu wasiende kumtafuta," alisema. "Yule hakuwa wangu wa kumpeleka kwa Yona. Yule nilikuibia mimi, Mama Daudi."

Mama akanyanyuka, akaenda jikoni, tukasikia anapuliza moto. Alirudi na uji, ameutia maziwa ya kununua, na akamnywesha baba kidogo kidogo kwa kikombe mpaka ukaisha.